Mtamba wa Baharini

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo, Iyunga, Mbeya)



 Mwenyekiti wa darasa ametuomba tusimulie safari yetu ya Bagamoyo. Wengi wenu mnajua tulikwenda kwa kazi gani. Tulikwenda watu wanne kumposea kijana wetu mchumba. Lakini hatukuja hapa kusimulia habari za mahari. Hizo zina watu wake. Tumekuja kuwaeleza habari za samaki mmoja, papa mdogo wa pwani, ambaye nusura atuvunjie uchumba.

Mtasema: papa na watu wa Iyunga wapi na wapi? Kutoka hapa mpaka baharini ni zaidi ya kilomita 800. Sisi tunajua mahindi, viazi, maharage, kahawa na ng'ombe. Ni kweli. Hata sisi tulifikiri hivyo. Lakini tuliyoyaona kule yametufundisha jambo ambalo kila mfugaji wa hapa analijua tayari, ila hajui kwamba linahusu samaki pia. Tusikilizeni, kisha mtaamua wenyewe.

PAPA NI SAMAKI WA NAMNA GANI?

Baba wa binti ni nahodha. Ana ngalawa yake, nayo ndiyo shamba lake. Ngalawa ni mtumbwi wenye mbao mbili ubavuni, huku na huku, zinazouzuia usipinduke. Siku ya pili baada ya kufika, alituambia: "Wakwe, maneno ya nyumbani tumeyasikia. Sasa twendeni baharini, mkaone mkwe wenu anakula nini." Kwa desturi, mgeni hakatai. Tukakubali, ingawa wawili kati yetu hawajui kuogelea.

Jioni ile alitueleza kwanza habari za papa. Wengi wetu tukisikia neno papa, tunafikiri habari za jitu kubwa linalomeza watu. Kumbe papa wako wa aina nyingi sana. Yuko papa potwe, anayeonekana sana karibu na Kisiwa cha Mafia. Huyo ni mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini hali watu. Chakula chake ni vidudu na samaki wadogo wadogo anaowachuja majini. Na wako papa wadogo wanaokaa karibu na pwani, juu ya mchanga na tope, mahali maji si marefu. Hao wengi huvuliwa wakiwa na urefu wa karibu mita moja tu. Hula samaki wadogo, ngisi, kamba na kaa. Mmoja wao wataalamu humwita papa wa maziwa. Sababu ya jina hilo tutaieleza baadaye.

Papa hafanani na samaki tuliowazoea. Hana mifupa. Mwili wake wote unashikwa na gegedu, kama ile tunayoishika katika sikio au puani. Ngozi yake inakwaruza kama msasa. Meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu. Jino likitoka, la nyuma linasogea mbele. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Papa hana kifuko hicho. Yeye husaidiwa na ini lake, ambalo ni kubwa na limejaa mafuta. Mafuta hayo watu wa pwani huyaita sifa. Tangu zamani wavuvi huyapaka vyombo vyao ili mbao zisioze upesi.

TUNAKWENDA KUVUA

Tuliondoka alfajiri, maji yakiwa yanajaa. Ulikuwa wakati wa kaskazi, yaani upepo unaovuma kutoka kaskazini tangu karibu Desemba mpaka Machi. Tanga likajaa upepo, na pwani ikaanza kuwa ndogo nyuma yetu. Hatuwafichi: mmoja wetu alitapika kabla hata jua halijatoka. Nahodha alicheka akasema, "Watu wa bara mnalisha samaki kabla ya kuwavua."

Zana zilikuwa chache. Kwanza mshipi, yaani uzi mrefu wa nailoni uliozungushwa kwenye kigogo. Pili ndoana. Tatu chubwi, kipande cha risasi kinachouzamisha mshipi. Nne chambo: vipande vya ngisi na dagaa. Juu kidogo ya ndoana nahodha alifunga kipande cha waya. Tulimwuliza sababu. Alijibu kwamba papa ana meno makali, na mshipi mtupu ataukata kama mkasi.

Alitupa pia onyo moja kubwa. Mshipi usiuzungushe mkononi hata siku moja. Samaki mkubwa akivuta ghafla, mshipi unaweza kukukata vidole au kukutupa majini. Uache upite juu ya kidole, usikilize.

Kusikiliza ni kweli. Tulishusha mishipi mpaka chubwi ikagusa chini, tukaivuta juu kidogo. Tukangoja. Samaki wadogo hudonoa donoa kama kuku anayekula mtama. Papa hadonoi. Huchukua chambo akaondoka nacho. Wa kwanza alipokuja, mshipi ulivutwa kama ndama anayevuta kamba. Nahodha alimvuta taratibu, akimwachia akivuta kwa nguvu, akirudisha akichoka. Akatoka papa wa rangi ya kijivu, tumbo jeupe, urefu wake kama mkono mzima wa mtu.

Nahodha akamgeuza. "Huyu dume," akasema. Akatuonyesha vijiti viwili vya nyama chini ya tumbo, nyuma karibu na mkia. Dume anavyo, jike hana. Basi, hata mtu asiyejua kitu anaweza kuwatambua. Yule dume akawekwa kando.

UGOMVI

Samaki wa pili alikuwa wa mwenzetu mmoja, mtu mzima, anayeheshimiwa hapa Iyunga. Alimvuta mwenyewe, jasho likimtoka. Akatoka papa mdogo, hazidi urefu wa mkono toka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole. Mwenzetu alifurahi kama mtoto. Ndiye samaki wake wa kwanza wa baharini. Alikwisha anza kusema atamkausha amlete huku tumwone.

Nahodha akamchukua, akamtoa ndoana, akamrudisha majini. Papa akaenda zake.

Jamani, tulinyamaza wote. Mwenzetu alikasirika. Akasema, "Mzee nahodha, tumekaa hapa tangu alfajiri. Kwetu mgeni hanyang'anywi kitoweo mkononi." Nahodha hakujibu. Sisi wengine tuliangalia chini. Moyoni tulisema: kama baba ni mchoyo namna hii, binti atakuwaje? Mmoja wetu alinong'ona kwa kilugha kwamba jioni tufunge mizigo. Tunakiri mbele yenu, ndugu zetu, uchumba ule ulikuwa umefika pabaya. Na ulifika pabaya kwa sababu ya kutojua.

Baada ya muda akatoka papa mwingine mdogo kama yule. Safari hii nahodha hakumrudisha mara moja. Alilowesha mikono yake, akamshika nyuma ya kichwa na karibu na mkia, akamwelekeza tumbo kwetu. "Wakwe," akasema, "nyinyi ni wafugaji. Tazameni hapa. Hii ni nini?"

Tukatazama. Katikati ya mapezi ya kifuani palikuwa na kovu dogo, bado halijafunga vizuri. Mwenzetu yule yule aliyekasirika ndiye aliyejibu, polepole: "Hicho ni kitovu."

"Ni kitovu," akasema nahodha. "Huyu amezaliwa juzi juzi. Je, kwenu mnachinja ndama aliyezaliwa juzi?"

Tukasema hapana. Kwetu hata mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, hachinjwi ovyo. Mwenye kuchinja mtamba anachinja zizi.

"Basi," akasema, "na huyu ni mtamba wangu." Akamrudisha majini.

PAPA HATAGI KAMA PEREGE

Hapo ndipo tulipoelewa. Samaki wengi wa baharini hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Mengi huliwa, lakini kwa kuwa ni mengi sana, machache yanayobaki yanatosha kuendeleza ukoo. Papa wengi hawako hivyo. Wako wanaotaga mayai machache, lakini wengi wa hawa papa wa pwani huzaa watoto walio hai, kama ng'ombe au mbuzi.

Papa wa maziwa huchukua mimba karibu mwaka mzima. Mtoto tumboni ameunganishwa na mama yake kwa kitovu, naye hupata chakula kwa njia hiyo. Mara nyingi mama huzaa watoto wawili mpaka watano. Anaweza kuzaa mmoja tu, au akafika hata wanane, lakini hao ni wengi kwake. Huja kuzaa karibu na pwani, ambako maji ni mafupi na papa wakubwa, ambao ni adui wa watoto, ni wachache. Lakini pale pale karibu na pwani ndipo walipo wavuvi wengi.

Nasi tusidhani kwamba papa wote wana nafuu kama huyu mdogo. Aina nyingine kubwa, kama baadhi ya papa wenye kichwa cha nyundo, huweza kukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Papa mdogo wa pwani hukua upesi kuliko hao. Lakini hata yeye hawezi kushindana na mtu anayevua bila hesabu.

Sisi tumesoma hesabu. Hebu tuzitumie. Tuseme jike mmoja anazaa watoto wanne kwa mwaka. Akizaa kwa miaka minne, ni watoto 4 mara 4, yaani 16. Katika hao, wengi wataliwa na samaki wengine. Tuseme wanabaki wanne. Sasa huyo mama akivuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja, tumepata nyama ya siku moja, na tumepoteza samaki wanne wakubwa wa kesho. Wavuvi kumi wakifanya hivyo, ni arobaini. Mahesabu haya ni ya mfano tu, lakini njia yake ni ya kweli.

KILICHOKUWA TUMBONI

Kabla ya kurudi, mshipi mmoja ulivutwa kwa nguvu kuliko yote. Alitoka jike, mkubwa kumpita yule dume wa kwanza, na tumbo lake limejaa. Nahodha alimtazama kwa muda mrefu. Ndoana ilikuwa imemezwa mpaka ndani, na damu ilikuwa inatoka katika matamvua. Alisema huyu hata akirudishwa hataishi. Tukaenda naye pwani.

Alipopasuliwa mchangani, walitoka watoto wanne. Walikuwa wamekamilika, wana macho, wana meno, na kila mmoja ana uzi wake wa kitovu. Watoto wa pale kijijini walikuja kutazama. Sisi hatukuwa na la kusema. Nahodha aliosha kisu chake, akasema, "Leo tumeua papa sita. Mnunuzi atalipa wawili."

Hesabuni wenyewe: dume mmoja, jike mmoja, watoto wanne. Sita.

Tulimwuliza: kama unajua yote haya, mbona bado unavua? Alitujibu kwa upole. Ana watoto wa kulisha, ana deni la tanga, na bahari ndiyo shamba lake. Hawezi kuacha. Lakini anachagua mshipi, kwa sababu samaki wa mshipi mara nyingi hufika mkononi akiwa hai, na mvuvi anaweza kuchagua. Jarife, yaani wavu wenye matundu makubwa wa kutegea papa, haliulizi nani mama na nani mtoto. Asubuhi ukilivuta, mara nyingi wamekwisha kufa wote. Na kokoro linalokokotwa mpaka pwani hukusanya hata watoto wa samaki wa kila aina. Mabomu ndiyo mabaya zaidi, maana huua samaki na kuvunja matumbawe wanakokaa. Kokoro na mabomu vimekatazwa na sheria za uvuvi za nchi yetu.

Alituambia pia kwamba siku hizi anatafuta ndoana za duara. Ndoana hizo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Mara nyingi humshika samaki kwenye pembe ya mdomo, wala hazimezwi mpaka tumboni. Kama yule jike angeshikwa na ndoana ya namna ile, pengine angerudi kwenda kuzaa.

SHERIA NA BIASHARA

Kwa nini papa wanawindwa sana? Nyama ni sababu moja. Sababu nyingine ni mapezi. Mapezi ya papa hununuliwa kwa bei kubwa katika nchi za Asia ya Mashariki, ambako hupikwa supu. Basi mvuvi masikini wa huku anatafutwa na tajiri wa mbali.

Dunia imeanza kuliona jambo hili. Mwezi wa Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama. Mkataba huo unasimamia biashara ya wanyama na mimea baina ya nchi na nchi. Waliamua kwamba ukoo mzima wa papa ambamo papa wa maziwa yumo, aina zaidi ya 50, uingizwe katika orodha yao ya pili. Uamuzi huo ulianza kutumika Novemba 2023. Maana yake si kwamba kuvua papa kumekatazwa kabisa. Maana yake ni kwamba anayetaka kuuza nyama au mapezi nje ya nchi lazima awe na kibali, na kibali kitolewe iwapo biashara hiyo haitawamaliza. Hapa nchini tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Aidha, katika vijiji vingi vya pwani viko vikundi vya wananchi wanaolinda mazao ya bahari, vinavyojulikana kwa jina la BMU.

NYAMA YA PAPA NA AFYA

Sasa tueleze lile jina la papa wa maziwa. Limetokana na imani ya watu wa India kwamba mama anayenyonyesha akila nyama yake atapata maziwa mengi. Hiyo ni imani tu. Wataalamu wa afya wa nchi nyingi wanatoa shauri tofauti. Wanasema mama mjamzito na mama anayenyonyesha waepuke nyama ya papa, hasa papa wakubwa, kwa sababu mwilini mwao hukusanyika zebaki. Zebaki inaweza kudhuru ubongo wa mtoto. Basi ndugu zetu, mtu akikuletea papa kutoka pwani na mkeo ni mjamzito, mpikie yeye maharage au dagaa.

Jambo jingine ni harufu. Papa asipotengenezwa upesi hutoa harufu kali inayochoma pua. Si lazima awe ameoza. Katika nyama yake mna kitu kile kile kilicho katika mkojo, nacho hugeuka baada ya kufa. Ndiyo maana wavuvi humpasua mara moja, humtoa damu na matumbo, humkata vipande vyembamba, humtia chumvi na kumwanika. Samaki aliyepasuliwa na kukaushwa hivyo huitwa ng'onda. Kabla ya kumpika, mloweke na kumwaga maji mara mbili tatu mpaka chumvi ipungue. Wao humpika kwa nazi. Sisi tulijaribu kwa karanga, na watoto waliramba sufuria.

NASI WA NYANDA ZA JUU JE?

Tumesema mwanzoni kwamba jambo hili linatuhusu. Linatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sisi ni wanunuzi. Mnunuzi ana nguvu. Tukikataa samaki wachanga sokoni, mchuuzi hatawaleta, na mvuvi hatakuwa na sababu ya kuwavua. Anayenunua kitoto cha samaki amekivua pia, hata kama hajaona bahari.

Pili, tunao samaki wetu. Huko chini Kyela liko Ziwa Nyasa. Mbasa wa ziwa hilo huacha ziwa wakapanda mito kwenda kutaga mayai. Mtu akitega nyavu mdomoni mwa mto wakati huo, anafanya sawasawa na yule anayempasua papa mwenye mimba. Tofauti ni maji ya chumvi na maji baridi tu.

Tatu, kila mali inayozaa ina mtamba wake. Mbegu ya mahindi ni mtamba. Mti mchanga wa mlimani ni mtamba. Wazee wamesema akiba haiozi. Lakini akiba yenyewe haijilindi. Lazima pawe na mtu wa kusema, "Huyu mrudishe."

Mtataka kujua uchumba uliishaje. Jioni ile mwenzetu aliyekasirika alisimama mbele ya wenyeji, akaomba radhi. Alisema, "Mzee, nilikuona mchoyo. Kumbe ulikuwa unafuga." Nahodha alicheka, akampa mkono, akasema mtu anayekubali kufundishwa mbele ya watu atamlea binti yake vizuri. Harusi ni baada ya mavuno, na nyote mmealikwa. Kitoweo kitakuwa ng'ombe. Dume.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini nahodha alirudisha papa wadogo majini?
2. Mshipi una faida gani kuliko jarife?
3. Papa jike na ng'ombe jike wanafanana kwa mambo gani?
4. Kwa nini mama mjamzito ashauriwe asile nyama ya papa?
5. Katika kijiji chenu, ni mali gani inayomalizwa kabla haijazaa? Mtafanya nini?